Parasound A 23 kwa spika za elektrostatiki: nimeisikiza Kisumu, nikaibeba hadi Nakuru

Naanza na jibu ndio wale wa haraka waende zao. Kama uko na spika za elektrostatiki, hizi za paneli nyembamba zinazoonekana kama mlango wa wavu, na unatafuta ampu, usiulize wati ngapi. Uliza inafanya nini omu, kile kipimo cha vile spika inazuia umeme, zikishuka chini ya mbili, ju omu zikipungua ampu inalazimika kutoa umeme zaidi. Mimi nimetulia na Parasound A 23 ya mtumba na sioni nikiitoa hivi karibuni, na sio ati ndio tamu kuliko zote nilizosikia, iko na kasoro zake na ntazitaja, ni vile tu ndio ampu ambayo haijaogopa hizi spika hata siku moja.

Spika zenyewe ni MartinLogan ElectroMotion ESL, za Marekani, kutoka Kansas. Juu ni paneli, chini ni boksi lenye wufa, ile spika ya besi, ya inchi 8, na wanagawana kazi pale hezi 500 (hezi ni kipimo cha sauti, ndogo ni nzito, kubwa ni nyembamba), besi inashuka chini kwa wufa, sauti ya mtu na magitaa kutoka katikati kwenda juu inatoka kwa paneli. Nilizipata kwa mzungu fulani wa NGO aliyekuwa anahama kurudi kwao na hakutaka kulipia usafiri. Ziko sebuleni Migosi, zimetolewa ukutani karibu mita moja ju paneli inatoa sauti mbele na nyuma pia, ukiibandika kwa ukuta unaharibu kila kitu, na hiyo vita na mama watoto ni stori ya siku ingine.

Wacha nieleze kidogo vile hii kitu inafanya kazi, la sivyo mambo ya ampu hayataingia. Ndani ya paneli hakuna sumaku, hakuna koili. Kuna plastiki nyembamba kuliko nywele, imepakwa kitu cha kushika chaji, imewekwa katikati ya bati mbili zenye matundu. Hiyo plastiki inachajiwa volti elfu kadhaa, ndio maana spika zenyewe lazima uziplagi kwa soketi na adapta yake, wageni wakiona spika ina waya ya stima wanauliza kama ni friji. Muziki ukitoka kwa ampu unapitia transfoma inayopandisha volti, unafika kwa zile bati mbili, plastiki inavutwa huku inasukumwa kule. Kwa sababu ni nyepesi hivyo haina uvivu, inaanza na kusimama papo hapo. Weka nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, uone. Unasikia uzi ukiguswa, alafu unasikia ile pete ya kidole cha mguu ikigonga ubao, na unajua kabisa ile pete iko chini na nyuzi ziko juu. Kwa spika za kawaida hizo vitu mbili hukuja zimeshikana.

Sasa hapo ndio kuna kazi. Bati mbili na plastiki katikati, fundi yeyote wa redio atakuambia hiyo ni kapasita, kitu cha kushika chaji. Na kapasita tabia yake ni moja, sauti ikipanda kuelekea trebo, zile sauti nyembamba za juu, omu zinashuka. Nyuma ya spika zangu imeandikwa omu 6, unafurahi, unasema hata risiva ya dukani itasukuma. Lakini soma karatasi za kampuni vizuri, kwa herufi ndogo wanakuambia kule hezi elfu 20 zinafika omu 1.6. Piga hesabu ya darasa la fizikia: ampu ikitoa volti 20 kwa spika ya omu 8, umeme unaopita ni ampea 2.5, hizo ni wati 50, kitu ya kawaida. Volti 20 hizo hizo kwa omu 1.6 ni ampea 12.5. Ampu nyingi zinazouzwa mjini hazijui ampea 12 inafanana aje.

Kusema ukweli muziki wa kawaida hauna nguvu nyingi kule juu kabisa, nguvu iko kwa besi na katikati, kwa hivyo sio ati kila dakika ampu inatoa ampea 12. Shida kubwa ni mbili. Moja, ampu zingine zikiona kapasita zinachanganyikiwa, zinaanza kutetema zenyewe kwa masafa ambayo wewe husikii, unashangaa tu mbona iko moto na hakuna muziki wa maana. Ya pili, kama ampu iko na omu zake za ndani, omu za spika zikishuka sauti ya juu inabaki ndani ya ampu haifiki kwa paneli. Hizo mbili ndio za kuulizia, wati ziwe baadaye.

Nilianza na risiva ya hom thieta ya kampuni kubwa ya Japani, siitaji ju kwa spika zingine ilikuwa inafanya poa tu. Nyuma yake imeandikwa omu 6 hadi 16, kwa hivyo hata yenyewe ilikuwa imesema mapema. Volyumu ya chini hakuna shida. Ukiweka kwaya, hizi kwaya zetu za SDA zenye soprano hazina huruma, ukipandisha kidogo, tak, relei inakata, taa nyekundu inawaka, kimya. Unazima, unawasha, ubeti wa pili tak tena. Hiyo ni ampu inajilinda, na ni afadhali ijilinde kuliko iungue, lakini huwezi kusikiza muziki unangoja kukatwa.

Alafu kuna kale kaboksi kadogo ka klasi D, aina ya ampu inayowasha na kuzima nguvu kwa kasi sana ndio isipate moto, kanaingia kwa kiganja, vijana wa Oginga Odinga Street wanakauza na adapta ya laptopu na kwa spika za kawaida mimi mwenyewe nimekapendekezea watu. Kwa paneli hapana. Hizi klasi D za bei ya chini ziko na filta pale mwisho, koili na kapasita, imepimwa ikitegemea spika ya omu 4 ama 8, sasa ukiileta kapasita ingine kubwa nje ile filta inahama kabisa. Sauti ya juu ikawa kali mpaka mtangazaji wa redio akisema "sasa saa sita" unataka kutoka nje. Sio klasi D zote, nielewe. Zile za kisasa ambazo zinajirekebisha baada ya filta, kama Ncore za Hypex ama Purifi iliyo ndani ya NAD C 298, hazijali umezifungia spika gani, na kama mgongo wako hautaki kubeba vyuma hiyo ndio njia. Bei ndio itakukimbiza.

Ampu ya valvu, zile za chupa za kioo zinazowaka, ndio ilinipa mawazo mengi. Kuna mzee mmoja Milimani, mstaafu, ako na ampu ya valvu aliyotoka nayo Uingereza na anaitunza kuliko gari. Akakubali nilete spika kwake, sio yeye alete ampu kwangu, na hapo alikuwa sawa. Tukafunga. Rhumba ikaanza, zile magitaa tatu zinazungumza polepole kabla sebene ifike, wueh, sauti ya mwimbaji ilisimama katikati ya chumba mpaka mzee akatoa miwani. Lakini matoazi yamepotea. Kayamba imekuwa kama iko chumba cha pili. Nikamwambia, "Mzee, hebu tujaribu kwa tapu ya omu 4, hilo tundu lingine la nyuma." Akaniangalia. "Kijana wangu, iko kwa omu 4 tangu ufike."

Na hesabu inakubali. Ampu ya valvu yenye omu 1 ya ndani, kitu cha kawaida kwa valvu, ikifika pale spika ni omu 1.6 inapoteza karibu desibeli 3 za juu ukilinganisha na pale spika ni omu 6. Hiyo sio kitu ya kuwazia, hiyo unasikia. Kuna watu wanapenda hivyo, mzee anapenda hivyo, anasema masikio yake ya miaka sabini hayana haja na matoazi. Kama wewe unasikiza rhumba na injili za zamani tu, na volyumu ya kuongea, ampu nzuri ya valvu na paneli ni raha siwezi kukudanganya. Mimi benga bila hi-hati siwezi.

Sasa A 23. Ni ampu ya nguvu peke yake, haina volyumu, haina rimoti, haina blutuu, unahitaji priampu mbele yake, ile mashine yenye kifundo cha volyumu. Kwa karatasi ni wati 125 kwa omu 8 na wati 225 kwa omu 4, na kilele cha ampea 45 kwa kila upande. Angalia hizo namba mbili za kwanza. Omu zikigawanywa mara mbili wati zimekaribia kuongezeka mara mbili, na hiyo ndio dalili ya kutafuta kwa ampu yoyote hata kama sio Parasound, inamaanisha transfoma ya ndani na transista za kutoa nguvu hazijabanwa. Ukiona ampu imeandikwa wati 100 kwa omu 8 na wati 120 kwa omu 4, ama hawajaandika ya omu 4 kabisa, hiyo imekuambia hali yake. Ya kuibeba pia inakuambia. Ukitoa zile klasi D za kisasa, ampu inayodai wati 500 na unaibeba kwa kidole, mwachie mwenyewe.

Siku ya kwanza niliweka ile ile kwaya iliyokuwa inaangusha risiva, nikapandisha, nikapita pale pa kukatwa, nikaendelea kupandisha mpaka dirisha likaanza kulia na jirani akapiga simu. Hakuna tak. Niliweka mkono juu ya mbavu za pembeni, vuguvugu tu. Kitu niliona zaidi sio hata kelele, ni vile kwa volyumu ya chini usiku watoto wamelala kila kitu bado kiko, orutu, ile fidla ya uzi mmoja, haijageuka kuwa mbu, na besi ya gitaa inatembea bila kujikwaa pale wufa inaachia paneli. Hapo kwa hezi 500 ndio hizi spika za mchanganyiko hujulikana, ampu dhaifu inafanya usikie spika mbili tofauti zimesimama moja juu ya ingine.

Kasoro sasa. Ni kavu kidogo. Ukitoka kwa valvu ya mzee ukaja kwa hii unaona kama mtu amefungua pazia lakini pia amezima jiko. Vifundo vya kupunguza kiwango cha sauti inayoingia, vya kuweka mara moja, sio volyumu ya kila siku, viko nyuma, ukishaweka ampu kwa rafu kuvifikia ni kupapasa. Na kama unanunua iliyotoka Marekani, kabla hujaplagi popote angalia nyuma imeandikwa volti ngapi, ju zao ni 120 na yetu ni 240, na kosa hapo halina rufaa. Yangu ilikuwa ya 230. Bei nililipa haikufika ya boda mpya, kwa hivyo ukiniuliza thamani nasema iko.

Kuna fundi Kondele, kijana anajua kazi, alinisafishia soketi za nyuma na akaniambia, "Omera, hii ukiibriji inakuwa ya wati 400, nunua ingine moja kila spika iwe na yake." Nikakataa na nataka mjue kwa nini ju wengi mtaambiwa hivyo. Ukibriji, pande mbili za ampu zinasukuma spika moja kutoka kila mwisho, na kila upande unaona nusu ya omu za spika. Omu 1.6 inakuwa 0.8. Kwa spika ya kawaida ya omu 8 sawa, kwa paneli unaitafutia ampu kaburi. Kama unataka nguvu zaidi nunua kaka yake mkubwa, A 21, iko na wati 250 kwa omu 8 na 400 kwa omu 4.

Nakuru niliibeba ju jamaa yangu wa Section 58 ako na Quad ESL-63, hizi ni Waingereza, zilitoka 1981, paneli tupu hakuna wufa. Quad ni kati ya walioleta haya mambo kwa nyumba za watu mapema, ile yao ya kwanza ilitoka 1957. Na hapa ushauri unageuka kabisa, kwa hivyo usichukue maneno yangu ya MartinLogan ukapeleka kwa Quad ya zamani. Ile ya 1957 haitaki zaidi ya volti 33 za kilele. Ampu ya wati 100 kwa omu 8 inaweza kufika volti 40. Ukisahau volyumu juu, cheche inaruka ndani, plastiki inatoboka, na hiyo paneli hakuna fundi wa kuitengeneza kutoka hapa hadi Busia. Kwa hizo ampu ndogo ndio sawa, Quad wenyewe walikuwa wanaziuza na ampu yao ya valvu ya wati 15.

ESL-63 ni ngumu kidogo, inakubali volti 40 safi na mwisho kabisa 55, na A 23 kwa hesabu inafika kama 45 kwa hivyo tuko ndani. Alafu iko na ulinzi wa ajabu, ikihisi cheche inaanza ndani inashorti ile laini ya ampu yenyewe. Nzuri kwa spika, lakini ampu yako iwe ni ya kuvumilia kushortiwa. Tulisikiza mchana mzima, volyumu ya kibinadamu, hakuna kitu kilitokea, na kwa sauti ya mtu hizo Quad zinapita zangu, nakubali na roho inauma. Besi hakuna sana, ohangla ukiweka ngoma zinakuja kama mtu anagonga mlango kwa adabu.

Na hii ya Nakuru mtu hafikirii: mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, sisi huku ziwani ni kama 1,130. Hewa ikiwa nyepesi cheche inaruka kwa urahisi zaidi, na kwa paneli hewa ndio inazuia cheche kati ya plastiki na bati. Kwa hivyo mtu wa Nakuru, ama zaidi Eldoret, asikimbilie kupandisha volyumu vile mtu wa Kisumu au Mombasa anaweza, hata ampu iwe nzuri namna gani.

Sisi wa Kisumu yetu ni wadudu. Wale wadudu wadogo wa ziwa wakija jioni wanafuata taa, wanaingia ndani, na paneli iko na chaji inavuta vumbi na kila kitu kidogo. Mmoja akipenya kwa tundu unasikia tss, alafu kimya, alafu tss. Mara ya kwanza nilidhani ampu inakufa, nikabadilisha waya za kushoto na kulia, kelele ikabaki spika ile ile, hapo nikajua ampu haina hatia. Dawa ni kuchomoa adapta, kuacha usiku mzima chaji iishe, kisha kupitisha vakyumu polepole mbele na nyuma. Na kufunga dirisha kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Waya wa spika nayo ni sehemu ya ampu kwa hizi vitu. Fleksi nyembamba ya milimita 0.5 za mraba, mita kumi kutoka ampu hadi spika, ukihesabu kwenda na kurudi ni karibu omu 0.7. Kwa spika ya omu 8 hakuna mtu atajua. Kwa omu 1.6 umerudi kwa valvu ya mzee bila utamu wa valvu. Nilitoa hiyo nikaweka 2.5 ya wenye kuweka stima nyumba, urefu mfupi iwezekanavyo, na nilisikia tofauti kubwa kuliko waya yoyote ya bei ya kutisha inaweza kunipa.

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, chomoa ampu na adapta za spika zote mbili, ngoja itulie ndio uplagi. Ukiwa na inveta ya sola ya bei nafuu, ile isiyotoa wimbi safi, transfoma ya A 23 itanguruma mpaka ukae nayo chumba kimoja ushindwe, kwa hivyo tafuta inveta ya wimbi safi au sikiza kwa stima ya kawaida tu.

Kwa sasa mnyonge kwa nyumba ni priampu yangu, haina rimoti na kifundo cha volyumu kinakwaruza. Nikipata ingine hii priampu nauza kwa bei ya kuelewana, na anayeitaka aje soko la Kibuye Jumapili na masikio yake, spika za kupimia ntakuja nazo, lakini sio hizi.